Karatasi hii ilizaliwa meza ya nani?

*Sanduku la Masjala. Maswali ya wasomaji kuhusu sheria na mahakama yanajibiwa na karani mstaafu wa masjala, Tabora.*

Swali: Shikamoo Mama wa Masjala. Mimi ni mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu Huria, nasomea hapa Kigoma, naishi Mwanga. Utafiti wangu unahusu mahabusu wanaokaa muda mrefu kwenye kesi zisizo na dhamana wakati upelelezi haujakamilika. Msimamizi amenirudishia sura ya pili imejaa wino mwekundu, karibu kila aya ameandika "chanzo?". Nilitumia magazeti, maandiko ya mtandaoni, na programu ya akili mnemba iliyonipa kesi sita. Mbili kati ya hizo nimezitafuta sizioni popote. Halafu nikitafuta kesi za zamani za Kigoma napata chache mno, kama vile huku hapakuwa na mahakama. Nianzie wapi, mama?

Jibu: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umegusa kazi niliyoifanya tangu ujana wangu hadi nilipostaafu.

Tuanze na zile kesi mbili. Zifute leo, na hizo nne zilizobaki usiziamini mpaka umefungua hukumu zenyewe ukasoma kwa macho yako. Programu hizo zinaweza kutunga jina la kesi, namba na mwaka, vyote vikakaa kama vya kweli. Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na programu ya namna hiyo. Kama mawakili wazoefu waliingia mkenge, wewe mwanafunzi usione aibu. Safisha tu kazi yako kabla haijafika kwa msimamizi tena.

Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Kila hukumu pale ina alama yake: TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Kesi isiyoonekana pale haina maana kwamba haipo, kwa sababu za zamani nyingi hazijapandishwa, na mashauri mengi huishia mahakama za chini. Lakini basi lazima uwe na chanzo kingine unachoweza kukishika mkononi, kama Tanzania Law Reports, vile vitabu vya hukumu zilizochapishwa, au jalada lenyewe. Kitu ulichokiona kwenye picha ya simu iliyozunguka kundi la WhatsApp hakijawa chanzo.

Sasa hizo kesi za Kigoma zilizokupotea. Hazijapotea, ziko kwetu Tabora. Kanda ya Kigoma ya Mahakama Kuu ni ya juzi tu. Kabla yake mashauri ya kwenu yote ya ngazi hiyo yalikuwa ya Kanda ya Tabora. Nakumbuka majalada ya Kasulu na Kibondo yakishuka stesheni yamefungwa kamba ya katani, bahasha imelainika kwa unyevu wa masika. Kwa hiyo ukiandika "Kigoma" kwenye sehemu ya mahakama, unajifungia nje. Andika Tabora, kisha ndani ya hukumu tazama shauri lilianzia wapi: "Mahakama ya Wilaya ya Kasulu", "Mahakama ya Hakimu Mkazi Kigoma". Kumbuka pia lugha. Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria na mahakama kwa marekebisho ya mwaka 2021, na kabla ya hapo hukumu za ngazi hizo karibu zote zilikuwa za Kiingereza. Ukitafuta kwa neno "dhamana" peke yake, miaka yote ya nyuma inakupita pembeni.

Kuna jambo moja nataka ulishike kuliko yote. Kila karatasi ilizaliwa kwenye meza ya mtu, na inajibu swali la mtu huyo, si lako. Polisi anaandika tukio lililoripotiwa. Karani wa mahakama anaandika shauri lililofunguliwa. Askari magereza anahesabu vichwa vilivyolala usiku ule. Ukichukua namba tatu za meza tatu ukazipanga mstari mmoja, utapata hesabu isiyokuwepo duniani.

Hili nalijua kwa sababu liliwahi kunitia hatiani mbele ya nafsi yangu. Nilikuwa mahakama moja ya wilaya, akaja mtafiti kijana anataka idadi ya washtakiwa wa makosa makubwa kwa miaka mitatu. Rejista yetu ilikuwa kitabu kirefu cha jalada gumu, mstari mmoja unavuka kurasa mbili: namba ya shauri, jina, kosa, tarehe ya kufunguliwa, na kule mwisho kulia safu nyembamba ya matokeo. Nilishuka na rula kwenye safu ya namba, nikahesabu, nikampa jibu, akashukuru, akaondoka. Wiki ile ile nikitafuta kitu kingine nikaona jina nililokwisha kuliona. Kijana yule yule, kosa lile lile, namba tatu tofauti. Kwenye safu ya matokeo ya ile ya kwanza na ya pili imeandikwa "limeondolewa". Mwendesha mashtaka alikuwa ameliondoa shauri, mshtakiwa akatoka, akakamatwa kabla hajafika barabarani, hati mpya ya mashtaka ikaletwa, nami mwenyewe kwa mkono wangu nikampa namba mpya. Rejista ilisema watu watatu. Mtu alikuwa mmoja, na siku zake za mahabusu zilikuwa zimekatwa vipande vitatu, kila kipande kinaonekana kifupi. Mtafiti yule sikumpata tena.

Unaona hilo linavyogusa utafiti wako? Ukipima muda wa mahabusu kwa namba ya shauri, mtu aliyekaa miaka anaweza kuonekana amekaa miezi. Pima kwa mtu. Fuata jina hadi tarehe ya kukamatwa mara ya kwanza. Na kwenye mauaji kuna mtego mwingine: shauri linapewa namba mahakama ya chini kwa hatua za awali, kisha likipelekwa Mahakama Kuu linapewa namba nyingine ya kikao. Mtu mmoja, namba mbili, mahakama mbili.

Kuhusu sheria yenyewe, usinukuu kifungu kutoka gazetini. Fungua Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na useme unatumia toleo gani. Toleo la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na namba za vifungu vingi zimesogea. Kile kifungu maarufu cha makosa yasiyo na dhamana, hukumu zote za miaka iliyopita zinakiita 148(5). Ukiiweka namba hiyo bila kutaja toleo, msomaji atafungua kitabu kipya akute jambo lingine kabisa.

Na kifungu hicho hicho ndicho kitakachokuonyesha kwa nini hukumu moja haitoshi. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Paulo Sanga dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilitamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Magazeti yaliandika, watu wakafurahi. Agosti mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Nimeona kazi za wanafunzi zinazoishia Mei. Ukipata hukumu ya Mahakama Kuu, swali lako la pili daima liwe: kuna rufaa?

Kwa picha ya nchi nzima, ripoti ya Tume ya Haki Jinai usiiache. Rais aliiunda Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikakabidhi ripoti Julai mwaka huo. Soma pia hotuba za bajeti za Wizara ya Mambo ya Ndani na Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, maana humo waziri husimama na kutaja idadi ya wafungwa na mahabusu, na jina lake na tarehe viko pale. Ripoti za haki za binadamu za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zikusaidie kujua malalamiko yako wapi. Zisome sambamba na za serikali na uandike wazi zinapogongana. Usichague inayokupendeza.

Ukifika masjala, nenda na barua ya chuo na kibali, usije kwa kujuana. Karani anayekufungulia rejista kwa urafiki anahatarisha kazi yake. Magereza wao kibali kinatoka juu, kiombe mapema kabisa. Usipige picha ukurasa bila ruhusa, nakili kwa penseli. Na majina ya watu yaishie kwenye daftari lako. Katika tasnifu andika "mshtakiwa wa kwanza", "mahabusu wa tatu". Kwa waathirika wa makosa ya kujamiiana, hasa watoto, hata kijiji usikitaje. Kigoma ni kubwa kwenye ramani tu, mwanangu. Mtu wa Ujiji akisoma "mvuvi wa migebuka mwenye mguu mmoja" ameshamjua.

Swali: Mama, gazeti limeandika uhalifu umepungua mkoani kwetu. Mimi ni mwalimu wa uraia, naweza kuwafundisha wanafunzi hivyo? *Msomaji, Urambo.*

Jibu: Wafundishe kwamba matukio yaliyoripotiwa polisi yamepungua, kama ndivyo taarifa yenyewe inavyosema. Jeshi la Polisi kwa kushirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa ya hali ya uhalifu na usalama barabarani. Itafute hiyo, uone gazeti limechukua mstari upi. Angalia mkoa wa kipolisi ni upi na miaka miwili inayolinganishwa ni ipi. Kisha waulize wanafunzi darasani, bila kuwataka wataje majina: nyumbani kwenu mkiibiwa kuku, nani huenda kituoni? Wahesabu mikono iliyonyooshwa, waandike ubaoni, na mfundishe somo kuanzia hapo.