Mikorosho imehesabiwa, na pweza je?

SWALI: Shikamoo shangazi. Naishi kijiji cha pwani, Lindi. Marehemu baba aliniachia mikorosho 38, na maji yakipwa nateremka mwambani kuchokoa pweza. Ndiyo ada ya wanangu. Eneo letu linatakiwa kwa mradi wa gesi. Wathamini wamehesabu miti, fomu wamempa kaka asaini. Habari za pweza hakuna aliyeniuliza. Tusaini?
Mama wa wawili, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Msisaini kwanza. Mikorosho ni yako, basi liandikwe jina lako na usaini wewe, siyo kaka. Mzee wangu kule Mikindani alikuwa msibani siku wathamini walipopita. Alikuwa na mikorosho 63, karatasi ikasoma 41, na jirani alishamsainia. Mpaka tunamzika, ile 22 hakulipwa. Hesabuni upya mbele ya mwenyekiti na majirani wa mpakani, piga picha kila mti, dai nakala.

Na fidia si bei ya miti tu. Kanuni za 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataja pia thamani ya ardhi yenyewe, posho za usumbufu, usafiri na makazi, na faida inayopotea. Uliza kila kimoja kimeandikwa wapi.

Sasa pweza, hapa ndipo panaponiuma. Mwamba hauna hati, kwa hiyo mthamini wa ardhi anaupita tu. Wenzetu wa Bodo, Nigeria, bomba la Shell liliwavujia mara mbili mwaka 2008, mafuta yakajaa kwenye mikoko na vijito vyao vya kuvulia. Walifungua kesi London, na 2015 ndipo kampuni ilipokubali kuwalipa paundi milioni 55. Hesabu mwenyewe miaka hiyo bila samaki. Gesi haigandi kwenye mikoko kama mafuta ghafi, lakini gati na meli vikija mnaweza kuzuiwa kuusogelea mwamba, na njaa ni ileile.

Nunua daftari. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, andika tarehe, kilo na bei uliyouza. Wanawake wote mnaoshuka mwambani mfanye hivyo, BMU, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, wagonge muhuri. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka wananchi washirikishwe kwenye tathmini ya athari kwa mazingira. Madaftari hayo yawekwe mezani siku ya mkutano wa tathmini hiyo, na muhtasari wa mkutano uandike neno pweza. Msikubali kuambiwa "tumewasikia" mkaondoka. Nitumie nakala ya fomu, tuisome pamoja mstari kwa mstari.