Dume wa kumpandishia jike wako tumbo la kwanza: yaliyonikuta kwa Jesi

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu nimejiona mimi wa mwaka 2017. Una jike wa German Shepherd wa miezi 11, ametoka kwenye joto lake la kwanza (kipindi cha kutokwa damu na kutaka dume), unataka joto lijalo apandishwe, na madume ulionao ni watatu: kaka yake wa tumbo moja ambaye mwenyewe anamtoa bure, yule wa Kimara mwenye manyoya marefu na kilo 55 anayelipiwa laki tatu, na Boerboel wa jirani. Unauliza yupi. Kwa sasa, hakuna hata mmoja. Maelezo ni marefu kidogo, nivumilie.

Kwanza umri: joto lijalo ni mapema mno. Eksirei ya kabla ya mwaka mmoja haitoshi kuthibitisha kwamba nyonga za mbwa wa uzao mkubwa ni nzima, na Marekani hawampi cheti cha nyonga mpaka afike miezi 24. Kwa hiyo ukimpandisha joto lijalo utakuwa umempandisha hujui mifupa yake ikoje. Subiri akaribie miaka miwili. Mwaka huo wa kusubiri ndio wa kutafuta dume, na kazi hiyo inachukua muda kuliko watu wanavyodhani.

Dume wa kwanza niliyemtafutia jike wangu, Jesi, aliitwa Kaiza, wa Mbezi. Picha yake ilikuwa inazunguka WhatsApp: kichwa kama cha simba, kifua kipana, mgongo umeteremka mpaka miguu ya nyuma inataka kulala chini. Nilipokwenda kumwona alikuwa bandani, na tulipokaribia tu alirukia nondo, anabweka mpaka mate yanaruka. Mwenye dume akacheka, "Huyu haingiliki." Nami nikacheka, nikatoa laki mbili na nusu. Sikuomba atolewe nje ya banda. Sikuomba kuona hata mtoto wake mmoja.

Leo naelewa nilichokiona siku ile. Alikuwa mbwa mwoga, amefungiwa tangu alfajiri, ameshajifunza kwamba akipiga kelele za kutosha watu wanaondoka. Huku kwetu neno "mkali" linauza mbwa kuliko neno lingine lolote, na hatuulizi ukali huo unatoka wapi. Mbwa anayejiamini hukutazama kwanza. Mwoga huanza na meno, na akikosa upenyo anang'ata chochote kilicho karibu, kikiwemo kiganja cha mwanao.

Na Jesi wangu naye alikuwa na woga wake. Radi ikipiga, anaingia uvunguni mwa gari mpaka kesho. Nilijua hilo, ila halikunijia kichwani kwamba lina uhusiano wowote na kuchagua dume. Nikachukua woga nikaupandishia woga.

Walizaliwa saba. Watano walikuwa wa Kaiza. Wawili walikuwa rangi ya mchanga, mikia imejikunja kama ndoano, na sura ile niliifahamu: yule koko wa dukani kwa Mangi. Anayebisha kwamba haiwezekani, inawezekana kabisa. Jike hutoa mayai mengi kwa mkupuo na mayai hayo hukaa hai siku kadhaa, kwa hiyo madume wawili wakipita, kila mmoja anaweza kupata fungu lake. Uzio wangu una ukuta wa futi saba na vipande vya chupa juu. Nitarudi hapo.

Katika wale watano mmoja alikufa siku ya tatu. Mmoja alirudishwa akiwa na miezi saba, amemng'ata mtoto wa mpangaji aliyeinama kuokota mpira. Mwingine alikuwa akikimbia anaruka kama sungura, miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja. Mwanzoni tulimcheka. Alipopigwa eksirei akiwa na miezi kumi, kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimekaa nusu nje ya kikombe chake. Nikarudisha fedha za watu wawili na heshima ikapungua mtaani. Wale chotara wawili niliowagawa bure? Wamekua wazima kabisa. Mmoja alipewa Mangi, akawa mlinzi wa duka.

Jesi alipokaribia kupandishwa tena, mwaka 2019, nilianza na daftari. Kabla ya kutazama dume yeyote niliandika kasoro za jike wangu mwenyewe: mwoga wa sauti, kifundo cha mguu wa mbele kimelegea kidogo, ngozi inayowasha kila masika. Nikampeleka Morogoro, hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), nyonga zikaonekana ziko sawa. Nakushauri uanzie hapo hapo. Dume mzuri ni yule aliye imara pale jike wako alipo dhaifu, kwa hiyo dume aliyemfaa mwenzako anaweza asikufae wewe. Kasoro moja ikiwa pande zote mbili, tegemea kuikuta kwa watoto.

Halafu nikawa natembelea madume bila miadi ya saa. Nampigia mwenyewe, "Bosi, nipo karibu na kwako, naomba nimwone mbwa." Ukimwambia saa, utakuta mbwa ameogeshwa, ameshiba na amechoshwa kwa mazoezi. Naomba atoke nje ya geti akiwa kwenye mkanda. Hapo ndipo utajua, kwa sababu mbwa wengi wanaotisha ndani ya uzio wao wakivuka geti mkia unaingia katikati ya miguu. Kisha naangusha funguo kwenye sakafu, au mfuniko wa sufuria, kama bahati mbaya. Kushtuka si kosa, kila kiumbe hushtuka. Angalia inamchukua muda gani kurudi kunusa kilichoanguka. Kaiza nina hakika angekuwa bado anabweka.

Dume niliyemchagua aliitwa Mzee. Alikuwa na miaka mitano, mdogo wa umbo, sikio moja limechanika ncha, na picha yake hakuna mtu angeisambaza. Siku niliyofika alikuwa amelala kivulini, watoto wawili wa pale wanachezea bao karibu na kichwa chake. Bodaboda ikapita ekzosi ikalipuka kama bunduki. Mzee akainua kichwa, akatazama barabarani, akakilaza tena. Mimi nilishtuka kuliko yeye. Usiku, mwenyewe aliniambia, mtu haweki mguu pale, na majirani nao wakasema hivyo hivyo nilipowauliza pembeni.

Ila kilichonimaliza ni watoto wake. Nilipelekwa kwa watu watatu waliochukua mbwa wa Mzee kwa majike tofauti, wakubwa, wa mwaka na zaidi. Wote watatu walitembea vizuri, wote walikuwa na utulivu ule ule. Umbo la dume ni ahadi tu, watoto wake ndio risiti. Dume ambaye hajawahi kuzalisha simkatai, lakini jike ambaye hajawahi kupandishwa usimpeleke kwa dume asiyejua kazi. Utapoteza siku zote mkihangaika na mikanda, na majike wengine huondoka pale na chuki ya kudumu.

Sasa nije kwa madume wako.

Kaka yake: hapana, hata akitolewa bure na gunia la unga juu. Shepadi wengi wa mjini hapa wametoka kwenye koo chache, ukisogea nyuma vizazi vitatu unakuta babu yule yule. Ndugu wa tumbo moja wakikutana, magonjwa yanayojificha, yale ambayo mtoto lazima ayapate kwa baba na kwa mama ndipo yajitokeze, yanapewa mlango. Kuna ugonjwa wa uti wa mgongo wa mbwa hawa wa namna hiyo, unaanza uzeeni kwa kuburuta miguu ya nyuma na hauna dawa. Hata kwa dume wa mbali, omba majina ya babu na bibi uyalinganishe na ya jike wako. Karatasi za East Africa Kennel Club ya Nairobi, au za Afrika Kusini, zinasaidia hapo, maana zinakuonyesha ukoo. Usitegemee zikuambie nyonga wala tabia zikoje. Na hakikisha namba ya chipu (kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) iliyo kwenye karatasi ndiyo iliyo shingoni mwa mbwa. Karatasi huwa zinatembea zenyewe.

Wa Kimara: manyoya marefu nayo hujificha vivyo hivyo. Kama jike wako ni wa manyoya mafupi na hana jeni hiyo, watoto wote watatoka na manyoya mafupi, na wateja uliowaahidi "kama baba" watakupigia simu usiku. Halafu kilo 55 si sifa. Kiwango cha dume wa German Shepherd ni kilo 30 hadi 40 na urefu wa sentimita 60 hadi 65 begani. Zile 15 za ziada huenda ni mafuta, au kuna damu nyingine mle, na vyovyote iwavyo nyonga ndizo zinazobeba. Max von Stephanitz, Mjerumani aliyeanzisha uzao huu, alimnunua dume wa kwanza kuandikishwa katika uzao huo, Horand von Grafrath, kwenye maonyesho ya Karlsruhe mwaka 1899 kwa kuwa aliona mbwa wa kazi, mwenye akili na mwili unaojitosheleza. Mbwa wa kuchungia kondoo mchana kutwa. Kilo 55 wangechunga nini?

Boerboel: dume wake anaweza kupita kilo 70. Jike wako akiwa na 28, ule mgongo utambeba vipi? Ukitaka chotara ni haki yako, ila si kwa tumbo la kwanza.

Afya sasa, na hapa nitakuwa mkali. Madume wanaozunguka mitaani usiku wanaweza kubeba saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Seli zenyewe za uvimbe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine, na zimekuwa zikihama hivyo kwa maelfu ya miaka. Dalili ni damu inayodondoka kwenye uume, au uvimbe kama ua la koliflawa. Usione aibu, mwombe daktari wa mifugo amkague mbele yako. Inatibika kwa sindano za kila wiki, lakini wewe ndiye utakayelipia za jike wako. Muulize pia daktari kuhusu kipimo cha brusela, inayoharibu mimba na inaweza kumpata binadamu. Kadi ya chanjo uione kwa macho, kichaa cha mbwa kiwemo. Na uliza kama dume ameugua homa ya kupe karibuni: mbegu huchukua kama miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo homa ya mwezi uliopita inaweza kukunyima mimba mwezi huu.

Malipo andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari. Mimi na mwenye Mzee tulikubaliana mtoto mmoja wa chaguo lake akifika wiki nane. Akizaliwa mmoja tu, ni wangu na namlipa laki mbili. Jike asiposhika, joto lijalo anapandishwa bila malipo. Kwa Kaiza hatukuandika kitu, na tulipogombana kila mtu alikumbuka mkataba wake.

Siku yenyewe, jike ndiye anayekwenda kwa dume, maana dume kwake ana amani. Nilimpakia Jesi kwenye kirikuu. Kwa Kaiza nilikuwa nimempeleka siku ya 8 tangu damu ianze, akamng'ata. Wengi hukubali kati ya siku ya 9 na ya 15, Jesi alikuwa wa siku ya 13. Usitegemee kalenda peke yake: damu ikipauka ikawa kama maji yaliyooshea nyama, na ukimgusa kiunoni akapeleka mkia pembeni, yuko tayari. Kliniki inayopima homoni ya projesteroni, inayoonyesha mayai yanatoka lini, ikiwepo karibu nawe, lipia. Wakinasana, yaani wakibaki wameshikamana, waache, dakika tano au hata arobaini, na fukuza watoto wenye ndoo za maji. Kuwavuta kunaumiza wote wawili. Tulirudia baada ya siku mbili. Siku ya 28 daktari akaona mimba kwa altrasaundi, siku ya 63 wakazaliwa sita. Hakuna aliyerudishwa.

La mwisho: akishapandishwa usidhani umemaliza. Atakuwa bado anakubali dume kwa siku kadhaa, na harufu yake inavuka mitaa mitatu. Mfungie ndani mpaka joto liishe kabisa, wiki tatu au zaidi, na kabla ya kulala kagua madirisha ya chumba anacholala. Jesi, ile mara ya Kaiza, nilimfungia stoo. Ule ukuta wa futi saba hakuna aliyeuruka: koko alipita chini ya geti, akaingia kwa dirisha la stoo nililoliacha wazi ili jike apate hewa.