Kompyuta inazima ghafla nikirenda video: ninunue mfumo wa kupoza kwa maji?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Kirumba, Mwanza, na pembeni nahariri video za harusi. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010 ya keisi ndogo, Core i5-3470, RAM GB 8. Mchana nikirenda video (yaani kutoa faili lake la mwisho) inazima ghafla. Nimetoa mfuniko na kuielekezea feni ya kusimama, bado inazima. Nimeshauriwa ninunue mfumo wa kupoza kwa maji, halafu niongeze kadi ya grafiki. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Hela ya mfumo wa maji usiitoe. Rejeta yake haina pa kukaa kwenye keisi hiyo, na prosesa yako ni ya wati 77 tu. Feni iliyokuja nayo inaitosha, mradi iwe safi.

Kwanza hakikisha kama ni joto kweli. Weka HWMonitor, programu ya kuonyesha joto la prosesa, anza kurenda, kaa uangalie namba. Ikipita nyuzi 95 na kazi ikaanza kusuasua kabla ya kuzima, ni joto. Ikizima ikiwa 65 au 70, iache prosesa, upime pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) na umeme unaoingia dukani.

Kwa mahali ulipo, mimi naanza kushuku uchafu. Karibu na soko la samaki la Mwaloni wadudu wa ziwani wakipanda usiku hufuata taa, na feni ya kompyuta inawavuta ndani. Ukiitazama kwa nje unaweza kuiona safi kabisa. Itoe feni uangalie mapezi ya hitisinki (chuma cha kupozea prosesa) upande inakopuliza: utakuta vumbi na wadudu wakavu wameshikana kama kipande cha blanketi, hewa haipenyi. Feni inanguruma, joto halitoki. Tena Mwanza tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar, kwa hiyo kila pezi lililoziba linauma zaidi.

Zima, chomoa waya, itoe nje ya duka. Legeza skrubu za hitisinki kwa mshazari, kidogo kidogo, na uinyanyue kwa kuizungusha taratibu. Safisha mapezi kwa brashi laini ya rangi na bloa, ukiishika feni kwa kidole isizunguke, maana ikipulizwa kwa kasi bearingi zinaharibika. Pesti ya zamani ya kupitisha joto hapo juu ya prosesa itakuwa imekauka kama chokaa. Ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, kisha kaza skrubu kwa mshazari vilevile. Rudia usafi kila miezi michache, na usisubiri ukiona wadudu wamekuwa wengi, hasa siku za mwezi mwandamo.

Mfuniko urudishe, tafadhali. Keisi ile imepangwa hewa iingie mbele na kutokea nyuma. Ukiiacha wazi mkondo unavunjika, na wadudu umewafungulia mlango. Isogeze tu mbali na ukuta, iinue kutoka sakafuni.

Kuhusu kadi ya grafiki, hapo nakukatalia. Pawasaplai yako ni ya wati 240, na kadi lazima iwe ya umbo fupi (low profile). Wengi watakuuzia GT 1030 kwa kuwa inaingia na inakula wati 30 tu, lakini haina sehemu ya kusimba video (encoder), kwa hiyo kurenda hakutabadilika kwa maana. Kama ni kazi za steshenari, weka SSD, diski ya kasi, na ongeza RAM ya DDR3 ifike GB 16. Utaona tofauti siku hiyohiyo.

Kwa video, weka akiba ya kompyuta yenye keisi kubwa, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Core i5-8500 ina kori 6 wakati yako ina 4, tena hiyo i5-8500 inapokea Windows 11 rasmi. Msaada wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025. Humo ndimo uweke GTX 1650 isiyohitaji waya wake wa umeme, wati 75. Kabla ya kulipa, fungua usome wati za pawasaplai kwenye lebo. Dell nyingi za ofisi za miaka ya karibuni hazitumii plagi ya pini 24, kwa hiyo usitegemee kuibadilisha kwa pawasaplai ya kawaida ya dukani.

Ukishasafisha, renda video ileile na unitumie namba ya joto la juu kabisa pamoja na dakika ilizochukua.