Kiunzi husimama juu ya swali

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza kama uanze kupanga vichwa vya insha yako ya utafiti, ile ya maneno 3,000 kuhusu "mitandao ya kijamii na vijana", au uanze kusoma. Mimi nitakujibu lililo nyuma ya hilo: swali lako ni lipi? Maana hapo una mada tu, na kiunzi cha insha hakisimami juu ya mada. Husimama juu ya swali.

Mada ibane kwa mambo manne: nani, mtandao upi, athari gani inayoweza kupimika, kipindi kipi. Kwa mfano: "Je, kutumia Instagram kila siku kumeongeza huzuni kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 tangu 2012?" Hapo kila neno linakudai sehemu yake. "Huzuni" inadai useme imepimwaje. "Kumeongeza" ndilo neno zito kuliko yote, kwa sababu linadai ushahidi wa kisababishi. Kuonyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja hakutoshi: huenda mwenye huzuni ndiye anayekimbilia simu.

Unaikumbuka insha ya dada yako. Kiunzi chake kilipendeza kwa macho: kichwa cha Facebook, cha WhatsApp, cha Twitter, kila kimoja na historia yake, faida zake na hasara zake. Mhadhiri aliandika pembeni maneno matatu tu: "Unataka kusema nini?" Mtoto alikuwa amesoma kuliko wenzake wote! Bado linaniuma, na linaniuma zaidi kwa kuwa mhadhiri alikuwa na haki. Ukigawa insha kwa majina ya mitandao unapata orodha, na orodha haina pa kufika.

Utaniambia: nitajuaje swali kabla sijasoma? Kweli. Basi soma kidogo, makala tano au sita za utafiti, ukitafuta mahali watafiti wanapopishana. Ukishapaona, acha kusoma, andika swali, kisha urudi kusoma ukiwa nalo mkononi.

Na wanapishana kwelikweli. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000, wakaona kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Mwaka 2022 Luca Braghieri na wenzake walitazama jinsi Facebook ilivyofunguliwa chuo baada ya chuo Marekani kuanzia 2004, wakakuta afya ya akili ya wanafunzi ilizorota baada ya Facebook kuingia chuoni mwao. Mwanafunzi mvivu huwaweka hawa kwenye vichwa viwili, "wanaokubali" na "wanaopinga". Usifanye hivyo. Uliza kila mmoja aliweza kupima nini. Wa kwanza walikuwa na teknolojia ya kila aina kwa pamoja, na majibu ya vijana wenyewe kuhusu matumizi yao. Wa pili walikuwa na mtandao mmoja, katika miaka yake ya mwanzo, kwa wanafunzi wa chuo. Hakuna hata mmoja aliyepima Instagram kwa msichana wa miaka 14. Pengo hilo ndilo sehemu ya katikati ya insha yako.

Kama utakusanya takwimu mwenyewe, amua kabla ya kupanga sehemu. Twitter ilifunga mlango wa bure wa kuchukua takwimu mwaka 2023, na CrowdTangle, zana walikochota takwimu watafiti wengi wa Facebook, ilizimwa Agosti 2024. Mbinu iliyomo kwenye makala ya 2018 huenda haiwezekani tena. Ukitumia hojaji, usiulize "unatumia saa ngapi kwa siku". Watu hukisia vibaya. Omba wasome rekodi ya matumizi iliyomo kwenye simu zao. Na walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya wazazi na kibali cha maadili, vitu vinavyokula wiki nyingi.

Sasa kiunzi chenyewe. Kila mstari uwe sentensi kamili inayodai jambo. "Athari za kisaikolojia" haidai kitu. "Tafiti za uhusiano haziwezi kutenganisha chanzo na matokeo" inadai. Chini ya kila dai andika ushahidi wake na udhaifu wa ushahidi huo. Dai lisilo na ushahidi liondoe leo, kabla hujalipenda. Maneno yagawe hivi: utangulizi 300, maana na vipimo 400, ushahidi 1,400, hoja pinzani 500, hitimisho 400. Mimi hupenda hoja pinzani ikae karibu na mwisho. Lakini pingamizi likigusa vipimo, msomaji atakuwa nalo kichwani tangu ukurasa wa pili, na kumsubirisha ni kumpoteza. Hapo lijibu papo hapo. Ukimaliza, soma madai peke yake toka juu hadi chini. Yakiweza kubadilishana nafasi bila kuharibika kitu, bado hujapata hoja.

Umemalizia kwa kuuliza, "Mama, wewe unaona inadhuru?" Ninalo jibu, na ulimi unaniwasha. Nikikuambia, utapanga ushahidi kuelekea kwangu, maana nakujua tangu utotoni. Nitakudokeza hili tu: jibu langu kwa msichana wa miaka 13 si jibu langu kwa kijana wa miaka 20. Yaliyobaki utayapata ukishaniletea yako.

Kiunzi usinitumie bado. Nitumie swali, sentensi moja yenye alama ya kuuliza, kabla ya Jumamosi.

Mama yako