Maswali ya wasomaji: goti limetulia, je, limepona?

SWALI: Mimi ni winga wa timu ya ndondo. Wiki 3 zilizopita niligeuka kwa kasi, kiatu kikanasa kwenye udongo, goti likalia "ko!" na jioni ile ile likavimba. Nyumbani wakanikanda kwa maji ya moto na chumvi. Sasa uvimbe umekwisha, natembea vizuri, ila nikigeuka ghafla goti linachomoka. Jumamosi tuna fainali. Nicheze? (Winga, Temeke)

JIBU: Usicheze, ndugu yetu. Mlio, uvimbe mkubwa ndani ya saa chache, kisha goti kuchomoka: mambo hayo matatu yakikutana, cha kwanza kushukiwa ni kukatika kwa kano ya msalaba ya mbele, kamba ngumu ya ndani ya goti inayofunga mfupa kwa mfupa, ile ambayo mashabiki huiita ACL. Kano hiyo ina mishipa ya damu, kwa hiyo ikikatika damu hujaa gotini upesi. Gegedu la ndani, yaani meniska, likichanika peke yake, mara nyingi uvimbe huja taratibu, hata kesho yake.

Kutosikia maumivu kusikudanganye. Kazi ya kano hii ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na usizunguke kupita kiasi chini ya mfupa wa paja. Ukitembea barabarani moja kwa moja, huihitaji sana. Ukimpiga chenga beki, unaihitaji yote. Kila goti linapochomoka, meniska husagwa kati ya mifupa miwili, na sehemu yake kubwa ya ndani haifikiwi na damu, hivyo haijiungi yenyewe. Wachezaji wengi huingia uwanjani wamekatika kano tu, wakatoka wameharibu na meniska, na hili la pili ndilo linaloleta goti la kizee mapema.

Nenda hospitali yenye daktari wa mifupa. Atakunja goti lako kidogo, nyuzi 20 hadi 30, atashika paja kwa mkono mmoja na kuvuta muundi mbele kwa mwingine, halafu atalinganisha na mguu mzima. Kipimo hicho cha mkono kikifanywa na mzoefu hueleza mengi. Eksirei huonyesha mifupa, kwa hiyo ukiambiwa "picha safi, hujavunjika", swali la kano bado halijajibiwa. MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, ndiyo huonyesha kano na meniska.

Kuhusu kukanda: siku 3 za kwanza hapana. Maji ya moto, kuchua na pombe huongeza damu na uvimbe. Weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20, funga bendeji isiyobana mno, inua mguu juu ya usawa wa moyo, tumia magongo. Na goti likikwama lisinyooke, au mguu ukawa baridi au wa ganzi, usingoje kesho.

SWALI: Daktari amethibitisha kano imekatika, lakini fedha ya upasuaji sina kwa sasa. Ndiyo basi mpira? (Kiungo, Mombasa)

JIBU: Siyo basi, kaka. Nchini Sweden watafiti waliwafuatilia vijana 121 wenye jeraha hili. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema, nusu walianza na mazoezi tiba na kuachiwa nafasi ya kupasuliwa baadaye wakihitaji. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kuwa baada ya miaka 2 hali za makundi yote mawili zilikaribiana, na katika kundi la pili 23 kati ya 59 ndio waliokuwa wamepasuliwa. Wachezaji wa kulipwa hawakuwemo, kwa hiyo usiyachukue kama ruhusa ya kurudi ligi bila kano. Goti likiendelea kuchomoka hata baada ya miezi 3 ya mazoezi ya kweli, au meniska ikihitaji kushonwa, upasuaji unakuwa wa lazima zaidi.

Anza leo. Kalia mkeka, weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino (si chini ya goti), acha goti lishuke lenyewe kwa dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Kisha kaza misuli ya mbele ya paja kana kwamba unasukuma goti sakafuni, hesabu 5, legeza. Mara 10, mizunguko 3. Mto chini ya goti unastarehesha, lakini ukiuzoea goti hugoma kunyooka, na nyuzi 5 tu zikikosekana utachechemea. Hata ukipata fedha kesho, daktari atataka kwanza uvimbe uishe na goti linyooke kabisa. Likipasuliwa likiwa gumu na limevimba, hubaki gumu.

SWALI: Soksi ya goti inazuia kano isikatike? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hapana. Inatia joto na kukukumbusha goti, basi.

SWALI: Nina miezi 5 tangu upasuaji wa kano hiyo. Nakimbia bila maumivu na kocha ananihitaji. (Beki, Nakuru)

JIBU: Mwonyeshe kocha jibu hili. Kipandikizi ulichowekewa ni ukano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, uliotolewa kwingine mwilini. Mwili huufanya kwanza ulegee, kisha huujenga upya. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 ni dhaifu sana, nawe wakati huo unajiona umepona. Utafiti wa Oslo na Delaware uliochapishwa 2016 ulikuta kuwa kila mwezi wa kusubiri, hadi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu. Beki Virgil van Dijk, mwenye wataalamu wote wa klabu ya Liverpool, aliumia kano hii Oktoba 2020 na mechi yake ya kwanza ya mashindano ilikuwa Agosti 2021.

Miezi 9 peke yake haitoshi. Ruka mbele kwa mguu mmoja na utue ukitulia. Mguu mzima ukifika sentimita 150, uliopasuliwa ufike angalau 135, yaani asilimia 90. Fanya hivyo pia kwa miruko 3 mfululizo, na nguvu ya paja ipimwe. Kisha mazoezi na timu bila kugongana, ndipo mechi, kwa dakika chache kwanza.

SWALI: Nafundisha wasichana wa miaka 15. Wawili wameumia goti msimu huu. Nifanye nini? (Kocha, Arusha)

JIBU: Kocha, wasichana hupata jeraha hili mara nyingi kuliko wavulana, na mara nyingi bila kuguswa na mtu: wakitua au wakibadili mwelekeo. Tumia programu ya FIFA 11+, dakika 20: mbio nyepesi dakika 8, nguvu na kujisawazisha dakika 10, mbio za kasi dakika 2. Ifanye yote angalau mara 2 kwa wiki; siku ya mechi acha sehemu ya katikati. Nchini Norway, kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 walioitumia, majeraha makubwa yalipungua karibu nusu.

Kinachoiharibu programu hii ni usimamizi mbovu. Simama mbele yao wanaporuka: goti likiingia ndani wakati wa kutua, msimamishe, mwambie akunje nyonga na goti, atue kimya, goti lielekee vidole vya mguu. Zoezi la kupiga magoti huku mwenzake akimshika vifundo, naye akijishusha mbele polepole, waanze na mara 3 hadi 5 tu; ukianza na 12 kesho yake hawatembei, na wiki ijayo hawatakubali kulirudia.