Eti Avensis haifeli MOT?

Mkuu, umeuliza kama ni kweli alivyokwambia muuzaji kwamba Toyota Avensis "haifeli MOT", yaani ule ukaguzi wa lazima wa magari wa kila mwaka hapa Uingereza, na una matangazo mawili mkononi: la 2004 la petroli 1.8, na la 2010 la dizeli 2.0. Umesema uko Luton, una watoto watatu, na wikendi unaingia London kwa ndugu. Mimi ninayo Avensis ya 2007 hapa Midlands, nimekaa nayo miaka mingi, acha nikwambie ninavyoijua.

Avensis ni gari la kuaminika, hapo sibishi. Ila gari lisilofeli MOT bado halijatengenezwa. Kwa nchi nzima, karibu magari matatu kati ya kumi hufeli mara ya kwanza, na sababu kubwa hazibadiliki: taa, sasipensheni, breki, tairi. Sasa taa ya breki iliyoungua na tairi lenye kina chini ya milimita 1.6 zinahusiana nini na Toyota? Huo ni uzembe wa mwenye gari. Ndiyo maana asilimia za kufaulu za modeli fulani mimi huzisoma kwa tahadhari. Avensis nyingi zimefanya teksi usiku na mchana, na gari la teksi la miaka saba linaweza kuwa limetembea kuliko la mstaafu la miaka ishirini. Honda Jazz inasifiwa sana kwa MOT, lakini angalia wanaoziendesha: wazee wengi, safari za dukani na kanisani, sevisi kwa wakati. Ukisoma asilimia unasoma na tabia za madereva humohumo.

Kwa upande wangu, kinachonipa kazi kwenye Avensis ni vitu vya chini ya gari, na mchawi wake ni chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. Mwaka mmoja fundi aliniita niangalie gari likiwa juu ya lifti. Alimulika tochi kwenye springi ya mbele kushoto, na kwa mbali ilionekana nzima kabisa. Akapitisha kidole chini, kwenye kile kikombe inapokalia: mzunguko wa mwisho ulikuwa umekatika, kipande kimelala pale kama bangili iliyovunjika, sehemu ya mkato ina kutu ya zamani nusu na chuma kinachong'aa nusu. Maana yake ufa ulianza muda mrefu, shimo la barabarani likamalizia. Nilikuwa naendesha bila kusikia hata mlio. Springi zinabadilishwa jozi, kushoto na kulia, usikubali moja. (Magari mengine mengi ya hapa nayo hukata springi vilevile, kwa hiyo usije ukaikimbia Avensis kwa hili.)

Kingine ni breki ya mkono. Wanapoweka magurudumu ya nyuma kwenye rola, mashine inapima kila upande peke yake, na kalipa moja ikianza kuganda, upande mmoja unavuta na mwingine unasinzia. Bushi na boljoint zinachoka taratibu, hizo utaziona kwanza kama ushauri kwenye cheti, yaani onyo la mkaguzi kwamba kitu kimeanza kuchoka, kabla hazijakufelisha.

Sasa hili ndilo muuzaji hakukwambia. MOT haiangalii hali ya injini, klachi wala giaboksi. Wanapima moshi, wanaangalia kama taa ya injini inawaka, basi. Zile injini za petroli za 1.8 VVT-i za miaka ya mwanzo, hadi kama 2005 hivi, zina sifa mbaya ya kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Gari la namna hiyo linaweza kupita MOT saa nne asubuhi na jioni uko dukani unanunua galoni la oili. Kwa hiyo hata kama la 2004 lina MOT ya miezi kumi na moja, hiyo haikwambii lolote kuhusu tatizo lake kuu.

La dizeli nalo lina mambo yake. Lile chujio la moshi kwenye egzosi, DPF, likiwa limetolewa ni kufeli moja kwa moja tangu 2014, na tangu Mei 2018 moshi wowote unaoonekana kwenye gari lenye DPF ni kufeli. Gari la safari fupifupi za shule huziba chujio hilo haraka. Halafu kwa London unakoenda, dizeli ya 2010 haifikii kiwango cha moshi cha Euro 6, utalipa pauni 12.50 kila siku unayoingia eneo la ULEZ, yaani eneo wanakotoza magari yenye moshi mchafu, na tangu Agosti 2023 eneo hilo ni mitaa yote ya jiji. Piga hesabu ya wikendi zako.

Fanya hivi: chukua namba ya gari, ingia tovuti ya serikali ya historia ya MOT, ni bure. Sisi tuliozoea stika ya ukaguzi ya Nenda kwa Usalama kule nyumbani Tanzania, hii ni neema. Utaona kila jaribio, lilifelia nini, ushauri, na maili zilizosomwa. Mimi naanza na ushauri. "Kutu kwenye paipu za breki" ukiuona miaka mitatu mfululizo, ujue mwenye gari anasubiri wewe ndiye ulipie. Ushauri uliojaa mwaka jana halafu mwaka huu cheti cheupe, bila risiti ya matengenezo, hapo mimi naondoka. Kama una shaka, omba lipelekwe kituo cha halmashauri kinachopokea umma. Bei ya juu kabisa kisheria ni pauni 54.85, na kwa kuwa hawakutengenezei gari, hawana sababu ya kukutafutia ubovu wala kukufichia.

Kati ya hayo mawili mimi nisingechukua lolote. Ningetafuta ya petroli ya 2007 au 2008 yenye kitabu cha sevisi. Kama moyo bado uko kwa la 2004, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, injini ikiwa ya baridi, na muulize anaongeza oili kila baada ya maili ngapi.