Mwanangu, kuhusu Mariga na lile benchi

Mwanangu, salamu. Jumapili kwa simu uliniuliza swali nikakujibu juu juu kwa sababu mama yako alikuwa ananing'ang'ania nimpe simu, lakini limenikaa kichwani wiki nzima. Ulisema huko timuni kwenu mmebishana, wenzako wanasema McDonald Mariga, yule kiungo wetu Mkenya aliyekuwa Inter Milan, hakucheza chochote, ati medali ya Champions League aliipata akikalia benchi tu halafu akaja kwa siasa akabwagwa, na ukaniuliza kama mambo ni hivyo, wewe kiungo ambaye kocha hata hakuchezeshi unajisumbulia nini. Sasa wacha nikujibu vizuri, maana huyo kijana nimemfuatilia tangu enzi zake Tusker.

Ni kweli, fainali ya tarehe 22 Mei 2010 pale Madrid, Inter wakiwachapa Bayern 2-0, Milito akifunga zote mbili, Mariga hakuingia. Hapo siwezi kubisha. Lakini waulize hao wenzako Inter walifikaje hiyo fainali.

Wewe ulikuwa mdogo, ulilala kwa kochi hata nusu saa haijaisha. Ilikuwa 28 Aprili, Camp Nou, uwanja wa Barcelona, marudiano ya nusu fainali. Inter walikuwa wameshinda 3-1 kwao kwa hivyo walienda kulinda tu, dakika ya 28 Thiago Motta akalimwa kadi nyekundu wakabaki kumi, watu kumi na Messi na Xavi wako mbele yao zaidi ya saa nzima! Dakika ya 84 Piqué akafunga. Bao lingine moja tu na Inter wako nje kwa bao la ugenini. Sasa katika moto huo kocha wao Mourinho akamtoa Eto'o, na aliyekuwa amesimama pale kwa mstari akisubiri kuingia ni kijana wetu wa Kamukunji High. Mwanangu, nilisimama peke yangu sebuleni, nyumba nzima imelala, nikashika kichwa kwa mikono miwili. Wewe ni kiungo unajua, kuingia dakika kama hizo ndio kazi ngumu kuliko zote, mwili haujapata moto, wenzako wamechoka hata kuongea hawawezi, mpira unapita huku na huku na ukichelewa hatua moja umezika timu. Dakika za majeruhi Bojan wa Barcelona akatikisa nyavu, nikaketi chini pwaa, kumbe refa ashapuliza, mpira ulimgusa mwenzake Yaya Touré mkononi. Ikaisha hivyo, jumla 3-2. Kocha kama yule hamwingizi mtu saa hiyo kwa kumwonea huruma.

Na tena angalia alikotoka. Ulinzi, Tusker, halafu 2005 akaenda Sweden timu ndogo inaitwa Enköping, akapanda Helsingborg, 2007 akaingia Parma. Januari 2010 Manchester City walikuwa wanamtaka kabisa, mambo yamekaribia kuisha, akanyimwa kibali cha kazi kwa sababu sheria ya Uingereza wakati huo ilitaka nchi yako iwe kati ya 70 bora za FIFA na Kenya tulikuwa chini huko. Hilo liliniuma sana, mtu anafungiwa mlango kwa makosa ya wale wanaoendesha mpira wetu. Ni siku hizo hizo Inter wakamchukua. Baadaye majeraha, mikopo, Real Sociedad, Parma tena, mwisho Latina na Oviedo, ligi za daraja la pili. Miaka hiyo haikuwa mizuri, nakubali.

Lakini kuna kitu nyinyi vijana hamhesabu. Huyu ndiye aliyemtoa mdogo wake Victor Wanyama hapa 2007 akampeleka Helsingborg akiwa bado mtoto wa shule. Tarehe 7 Novemba 2012 yule mtoto akawafunga Barcelona kwa kichwa akiwa Celtic, mwaka uliofuata akawa Mkenya wa kwanza kucheza Premier League. Kile kibali kaka alichonyimwa, mdogo akakipata.

Sasa siasa. Mimi sikutaka aingie, na wewe ulinisikia nikisema. IEBC, tume ya uchaguzi, kwanza ilimkataa sababu jina lake halikuwa kwa sajili ya wapiga kura, kisha akaruhusiwa, na siku ya kura ya ubunge wa Kibra ilikuwa tarehe ile ile 7 Novemba, mwaka 2019. Imran Okoth alipata 24,636, yeye 11,230. Wenzako wanaita hiyo aibu lakini mimi usiku huo ndio nilimheshimu zaidi, kabla hata matokeo ya mwisho hayajatangazwa alikuwa ashakubali ameshindwa na kumpongeza mwenzake. Hapa kwetu umeona wangapi wakifanya hivyo? Yule ni mtu aliyezoea kuona ubao unainuliwa, anatoka, anampa mwenzake mkono. Na hakupotea, Desemba 2024 akachaguliwa makamu wa rais wa FKF, shirikisho letu la soka, yaani sasa yuko ndani ya ofisi ile ile inayopaswa kuhakikisha hatuko chini ya hizo 70.

Kwa hivyo usiache mpira kwa sababu ya benchi, lakini pia usikae tu pale ukinuna. Nenda kwa kocha wako kesho, muulize anataka nini kwa namba sita, kiungo mkabaji, ambacho wewe hujampa, na akikujibu usibishane naye. Na ile kozi ya ukocha uliyoanza ukaiacha, karo iliyobaki nitalipa mimi, niambie ni ngapi.

Ukija likizo tutatazama ile mechi ya Camp Nou pamoja. Kuanzia dakika ya 80 nitakuwa kimya, wewe mwangalie tu yeye anasimama wapi wakati mpira hauko kwake.

Baba yako.